Bwawa la Uzi

Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye waya wa kuanikia nguo zilikuwa hatua kumi na moja, na kwa miaka mingi Mama Mashuka hakuwa na sababu ya kuzihesabu. Sasa zilikuwa ishirini na sita. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekaa katikati, na kwa kuwa mtu mwenye akili zake hakatizi juu ya maji akiwa na beseni la nguo mikononi, ilimbidi alizunguke: kushoto kupita kwenye tangi, kisha kuambaa na ukuta, kisha kulia mpaka kwenye waya. Bwawa lenyewe halikuwa na tone la maji. Halikuwa hata shimo. Lilikuwa vigingi vinne na uzi wa manjano, na ndani ya uzi nyasi zilizokuwa zimeota zikarefuka kwa sababu hakuna aliyezikanyaga.

Ukimwuliza kwa nini asiuruke tu huo uzi, angekutazama kama umemwambia apitie dirishani. Katika nyumba ile uzi wa Mpimaji haurukwi.

Mpimaji ndiye mumewe. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na nne, leo pori hili, kesho bonde lile, na hata alipostaafu jina la kazi halikubanduka, kama vile la mkewe lisivyobanduka baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali. Ujanani aliwahi kupima kiwanja cha zahanati kwa siku moja, mbio mbio, maana gari lilikuwa likimngoja. Zahanati ikajengwa, na kila mvua iliponyesha maji yakawa yanaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, bila hata kupanga foleni kama wagonjwa wengine. Tangu hapo alikula kiapo: hakitachimbwa kitu kabla hakijapigiwa vigingi na kukaa siku mia. Na katika siku hizo mia, watu waishi nacho kana kwamba kipo.

Kwa hiyo jiko lao nalo lilianza kama uzi. Mama Mashuka alipika humo uwanjani, akiingia na kutoka penye pengo la mlango, na jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama pengoni akabisha hodi ilhali wanaonana kuanzia utosi hadi unyayo. Siku ya arobaini mama mwenyewe akagundua kwamba mlango ukielekea upande ule, moshi wote utamfuata machoni. Mlango ukahamishwa. Ndiyo maana hakuweza kuicheka kanuni ya mumewe hata pale miguu ilipomuuma. Kanuni ilikuwa imemwokoa macho.

Siku mia za bwawa zilikuwa zimebaki tisa. Zikitimia, Mpimaji atakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, atavua kofia, na atauliza kama alivyouliza kuhusu jiko, na bafu, na ukuta: tuchimbe, tusichimbe? Hati ya kiwanja ilikuwa na majina mawili, na mzee hakuwahi kuchomeka sululu bila kusikia neno la mwenzake. Mara zote hizo mwenzake alijibu, "Haya." Safari hii "haya" ilikataa kutoka. Tatizo ni kwamba hata "hapana" nayo ilikuwa imekwama, kwa sababu alijua bwawa lile si la kuogelea.

Lilianza kwa simu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa akiishi mji mwingine na familia yake, na mwaka ulikuwa unakatika bila kukanyaga kwao. Siku moja baba yake alimbana sana, mbona huji, mbona huleti mjukuu, mpaka kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asionekane anaufunga, kwamba mtoto anachoka akija huko, hakuna cha kufanya, lingekuwapo hata bwawa. Basi. Kesho yake asubuhi Mpimaji alikuwa uani na nyundo.

Mama Mashuka alimzaa yule kijana na alimjua. Lile lilikuwa neno la kumalizia simu. Angekuwa ametoka kuona farasi, angesema lingekuwapo hata farasi, na mzee angekuwa anapima zizi. Lakini kulikuwa na jambo jingine la zamani. Mtoto alipokuwa mdogo, baba akirudi kutoka porini baada ya miezi mitatu minne, na mtoto akimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba, baba alikuwa akimwahidi, "Nikistaafu nitakuchimbia bwawa." Ahadi ni deni. Sasa ana miaka sabini na moja, magoti yake yakimsimamisha kwa awamu, awamu ya kwanza mkono kwenye kiti, ya pili mkono ukutani, ya tatu kuguna; nani awe na moyo wa kumwambia kwamba mdai amekwisha kusahau?

Kwa hiyo alinyamaza, akazunguka bwawa, akachoka.

Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulikuwa wa miaka. Alikuwa ameyapokea mashuka ya wagonjwa asubuhi kwa asubuhi, akiyakunjua kwa ncha za vidole kwa kuhofia sindano iliyosahaulika, akiyachambua, akiyaingiza kwenye mashine kubwa kama chumba, akiyatoa yakiwa mazito kama maiti. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, naye akaondoka na viganja vilivyokauka na kupasuka. Aliomba kitu kimoja tu kwa maisha yaliyobaki, nacho ni kufua nguo za watu wawili.

Siku ya sitini hivi alikuja fundi wa mabwawa, mtu mchangamfu mwenye mkoba wa picha, na ndoo ndogo ya dawa ya maji. Alifungua kifuniko awaonyeshe. Harufu ikampanda Mama Mashuka puani, na papo hapo akawa amerudi kwenye mvuke, mikono mpaka viwikoni, msimamizi akiita kwamba wodi ya watoto haina shuka hata moja. Aliinuka akasema anaangalia sufuria, na jikoni hakukuwa na sufuria motoni. Aliporudi fundi alikuwa akieleza kwamba maji yenyewe hayana kazi kabisa. Unaopoa majani asubuhi, unasugua kuta, unapima dawa, unaosha chujio.

Mama akauliza ni nani huyo "una".

Fundi akaitazama ndoo yake. Mpimaji akacheka, akamwuliza mkewe kwa upole kwamba basi yeye akilitazama bwawa anaona nini.

"Naona taulo," alisema.

Mumewe akacheka tena, akamwambia fundi kwamba mke wake ana mzaha. Haukuwa mzaha. Watu kumi wakiogelea hujikausha kwa taulo kumi, na taulo halijawahi kujifua tangu dunia iumbwe.

Siku ya tisini na saba, Jumamosi, mtoto wao alipita. Alipita ni neno lake mwenyewe. Alikuwa na shughuli mji wa mbele, angekaa saa mbili tu, na alikuja na binti yake wa miaka minne. Mtoto huyu walimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa akianza kusema kabla hajafungua macho na alilala katikati ya sentensi. Alishuka garini akiamkia shikamoo kila alichokiona, tangi likiwemo.

Mpimaji alikuwa amejiandaa kama anakaguliwa. Alinyoa ndevu akaacha zile za kidevuni, akavaa shati la kazini lenye mifuko minne, tepu shingoni. Aliwatembeza wageni pembezoni mwa uzi akieleza. Hapa maji ni ya kiunoni. Hapa ya kifuani. Na huku mwisho, karibu na ukuta, hata babu hagusi chini. Chiriku alitaka kujua kama samaki watakuwapo, na kama watakuwapo wanalala saa ngapi. Baba yake aliitikia "ehe, ehe" huku kidole gumba kikitembea kwenye simu. Mama Mashuka alikuwa akielekea kwenye waya na beseni la mashuka mabichi, njia ndefu kama kawaida, na alimwona mumewe akimtazama mtoto wao wa kiume mara kwa mara, kwa wizi, kama fundi anayetazama ukuta alioujenga ili aone umekauka. Moyo ulimuuma. Alitamani kumnyang'anya kijana ile simu na kuitupa upande wa kina kirefu.

Baadaye walikaa kwenye kibaraza, wakanywa chai, maneno yakaisha. Hicho ndicho kilichokuwa kikitokea siku zote. Baba na mwana walikuwa wakiulizana habari za barabara, kisha za gari, kisha kila mmoja anatazama kikombe chake. Mama aliinuka akarudi kwenye nguo zake.

Chiriku alikuwa na mpira mdogo mwekundu. Mpira ulidunda, ukavuka, ukaingia bwawani karibu na ukuta. Chiriku naye akaufuata mbio.

Mama Mashuka hakukumbuka kuliachia beseni. Alichokumbuka ni sauti ya mumewe, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka arobaini na minne ya ndoa, ikiita jina halisi la mtoto. Kisha mzee wa awamu tatu akaondoka kwenye kiti kama aliyefyatuliwa, akaruka uzi wake mwenyewe, akakanyaga nyasi ndefu kwa hatua za mtu anayepambana na maji, akamdaka mjukuu kwapani na kumwinua. Alimwinua juu kabisa, mikono yote miwili imenyooka, shingo ameirefusha na kidevu amekielekeza mbinguni, mdomo umefumbwa. Alikuwa amesimama katika nyasi zinazomfika magotini, naye anamshikilia mtoto juu ya maji.

Na mkewe alikuwa amepiga magoti ukingoni, upande wa ukuta, mkono ameunyoosha ampokee.

Nyuma yake mashuka yalikuwa yametapakaa mchangani. Mtoto wao alikuwa amesimama kibarazani, simu mkononi, anamtazama baba, anamtazama mama, kama mtu aliyekuta wazazi wake wamerukwa na akili na hajui aanze na yupi. Hakuwa ameishi na lile bwawa siku tisini na saba. Yeye alikuwa anaona nyasi.

Chiriku akapasua kilio. Mpimaji akamshusha, akashuka naye, akaketi palepale chini kwenye kina kirefu, akampakata. Alimfuta nywele kwa shati lake, nywele kavu kabisa, akazifuta na kuzifuta. Hakumwambia nyamaza. Alikuwa akimpigapiga mgongoni tu na kuguna kitu kisicho na maneno, na kidogo kidogo kilio kikawa kwikwi, na kwikwi ikawa mazungumzo, maana huyu hakuwa mtoto wa kunyamaza muda mrefu.

"Babu, mbona unatetemeka?"

"Maji ya baridi," babu akasema.

Mtoto akayafikiria maji hayo, akakubali. Akalaza kichwa kifuani mwa babu, akashika zile ndevu za kidevuni.

Mama Mashuka alikuwa akiyaokota mashuka. Mwanawe alikuja kumsaidia, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu amalize shule, wakashika shuka moja huku na huku, wakalikung'uta mchanga. Kijana hakuwa akilitazama shuka.

"Sikumbuki kama aliwahi kunishika hivyo," alisema. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayetafuta kitu chumbani mwake mwenyewe.

Mama alikuwa na majibu mengi na yote aliyajua kwa moyo, maana alikuwa ameyatumia miaka mingi: baba yako alikuwa kazini, baba yako alikuwa akikuhangaikia wewe, usilolijua ni usiku wa giza. Lakini majibu nayo ni mizigo, na siku hiyo hakuwa na mkono wa ziada.

"Hakukushika," alisema. "Alikuwa anapima."

Wakaendelea kukung'uta. Zile saa mbili zilipita, na ya tatu, na gari halikuwashwa mpaka jua lilipoanza kulainika. Hakuna aliyetaja bwawa. Wakati wa kuagana Mpimaji alishika mkono wa mwanawe, akaushika kwa muda, akamwuliza kuhusu barabara.

Siku ya mia ilikuwa Jumanne. Fundi wa mabwawa alifika mapema akasubiri langoni na watu wake wawili wenye masululu. Mpimaji alikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akavua kofia. Mkewe alikaa kando yake, akifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.

"Tuchimbe, tusichimbe?"

Mama Mashuka alikuwa amejiandalia maneno mazuri tangu Jumamosi. Yote yakamtoka kichwani.

"Nimechoka, mzee," alisema. "Nimechoka kuliko unavyojua. Nimefua maisha yangu yote. Nikifumba macho naona shuka, nikilitazama bwawa lako naona taulo. Na sasa nimeongezewa jingine. Namwona yule mtoto anakimbia, kila siku, hata siku ambazo hayupo. Wewe ndani, mimi ukingoni. Sina nguvu za kukaa ukingoni."

Mpimaji alizungusha kofia magotini. Alijaribu mzaha, mzaha dhaifu, kwamba ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga.

"Mimi sijavua hata ndala," mkewe akasema.

Mzee karibu acheke. Kisha uso ukamrudi, na akauliza lile alilokuwa akilizungushia uzi kwa siku mia.

"Na wasipokuja?"

Mama Mashuka aliutazama ule mstatili wa nyasi ndefu, na ile njia nyeupe iliyolimwa na miguu yake mwenyewe kuuzunguka.

"Wasipokuja, watakuwa hawajaja," alisema. "Lakini tusikae kando ya shimo tukiwangoja."

Mzee alivaa kofia yake fundi alipokohoa huko langoni. Kisha akainuka, kwa awamu zake zote tatu, akaenda kuwaambia warudi kwao. Akarudi, akang'oa vigingi kimoja kimoja, akaukunja uzi mkononi kwa utaratibu uleule wa miaka yote, akavipeleka stoo. Hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu. Mkewe aliumia, kwa sababu alijua amemwondolea mwenzake kitu cha kuamkia, na yeye hakuwa na kingine cha kumpa badala yake. Jioni ile alipoenda kuanua nguo, njia ilikuwa wazi mbele yake, hatua kumi na moja. Miguu ilifika pale palipokuwa na uzi, ikakataa. Akazunguka. Kesho yake akamwona Mpimaji naye anazunguka.

Hivyo zikapita wiki mbili, wazee wawili wakizunguka bwawa ambalo hata uzi halina.

Jumapili mchana simu ikalia, na haikuwa sauti ya mwanawe. Mpimaji aliiweka ile simu mezani sauti ikasikika chumba kizima, maana Chiriku hakuwa na haja ya simu kusikika.

"Shikamoo babu. Lile bwawa bado lina maji?"

Mpimaji akamtazama mkewe. Kisha akatazama dirishani, kwenye nyasi.

"Marahaba. Yapo," akasema.

"Usiyamwage. Tunakuja Jumamosi, tutalala. Mimi nataka kuzama tena halafu uniokoe." Akapumua kidogo, si kwa kutaka, ila kwa sababu pumzi zilimwishia. "Na baba amesema yeye pia atazama. Lakini babu, baba ni mzito. Utamweza?"

Nyuma ya mtoto, mbali kidogo na simu, mwanamume alikohoa, na hakusema kwamba mtoto anatania.

Mpimaji alifungua mdomo. Ndevu za kidevuni zilicheza.

"Mwambie nitajaribu," akasema.

Simu ilipokatika alibaki amekaa. Kisha akaenda stoo, na akarudi na vigingi vinne kwapani, nyundo, na ule uzi. Alisimama mlangoni mbele ya mkewe kama mtoto aliyekuja kuomba ruhusa ya kutoka.

"Uzi tu," alisema.

Mama Mashuka alimtazama. Alikuwa bado amechoka. Uchovu wa namna ile hauondoki kwa simu moja.

"Uzi sawa," alisema. "Taulo, hapana."

Akavaa ndala, akamfuata uani akashika ncha ya tepu, kwa kuwa mtu mmoja hapimi bwawa.